Kioo Kikikauka

Kioo cha boila kilikuwa kikavu. Kibomba kile cha kioo, kinachotuonyesha kila asubuhi maji yamefika wapi, hakikuwa na hata tone, na chini yake moto ulinguruma. Nyuma ya ukuta, kina mama kumi na mmoja walikuwa wakipiga pasi mashuka ya hospitali kwa mvuke wa boila hiyo na kutaniana.

Nilishika gurudumu la kufungulia maji.

"Dada, acha!" Mdogo wangu alinidaka mkono. "Baba alisema kioo kikikauka tusitie maji. Tuzime moto, tutoke."

"Alisema tuwahi kutia. Wewe unayesahau hata viatu vyako ndiye wa kunikumbusha?"

Kwetu mimi ndiye daftari la ukoo. Baba alikuwa fundi wa boila hii miaka thelathini na hakuandika kitu. Alitufundisha kwa mdomo, sote wawili kwa pamoja, kabla kiharusi hakijamnyang'anya ulimi. Siku ile naikumbuka yote: chai iliyopoa, shati la kijivu, kifungo cha pili kilichokatika, uzi mweusi ukining'inia. Nani angenibishia?

Nikampigia mama simu, akamwekea baba sikioni. Nikauliza: tutie maji, au tusitie? Baba akaguna mara mbili, kisha akaanza kuhema.

"Anatetemeka," mama alisema. "Mmemwambia nini?"

Chuma kikatoa mlio mfupi, kisha mwingine. 

"Siku ile alilia, dada," mdogo wangu alisema. "Rafiki yake alitia maji kwenye boila kavu, ikalipuka naye. Alipofika hapo alilia. Hukumwona?"

Sikumwona. Baba analia mbele yetu! Niliona haya, macho nikayashusha kifuani pake, yakatua pale kwenye kifungo hadi alipomaliza. Kitu kikikauka hutiwa maji. Aliyoyasema hapo sikuyasikia; nilijijazia mwenyewe.

Niliachia gurudumu. Tulizima moto, tukawatoa kina mama mbio, wengine na mashuka mikononi, tukajibanza nyuma ya ukuta wa barabarani. Ndani boila iliendelea kulia. Simu ilikuwa bado hewani. Baba alikuwa akiguna, mara mbili, tena mara mbili.

Nilifumba macho niutafute uso wake wa siku ile, nisikie na lingine alilotuambia. Niliupata uzi mweusi.