Shati Lililokuwa Halifuliwi

Majirani walimwita Dobi, ingawa alikuwa ameshastaafu. Kwa miaka thelathini na kitu alifua mashuka ya hospitali, magauni ya wauguzi na mapazia ya wodi, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nguo moja tu hakuwahi kuitia majini: shati la marehemu mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtengenezaji wa mageti. Jioni moja alirudi kutoka kazini, akavua shati, akalitundika msumarini nyuma ya mlango. Asubuhi akavaa jingine, akaenda kumalizia geti la mtu. Umeme ukamkamata huko huko. Waombolezaji walipokwisha kutawanyika, Dobi akafunga mlango ili apumzike, ndipo akaliona limening'inia: shati la kaki, kola nyeusi kwa jasho, kifuani limetobokatoboka kwa cheche. Alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa kamba na kuuweka chini kabisa ya sanduku la bati. Mtoto wao wa pekee alikuwa bado anatambaa.

Mtoto huyo alikua akijua kwamba sanduku la mama haliguswi. Aliwahi kulifungua mara moja, akachapwa fimbo ambazo hakuzisahau. Sasa ni dereva wa lori, mtu wa miraba minne, ana mke, na wote wawili wanaishi na mama nyumba moja.

Siku ya mambo haya, Dobi alikuwa amekwenda kliniki kutazamwa magoti. Mvua ilinyesha kubwa, paa la chumba chake likavuja, maji yakadondoka juu ya sanduku. Mkamwana alipoingia na ndoo, alikuta bati limeliwa na kutu na maji yameshapenya. Alisita. Alijua lile sanduku si la kuguswa. Lakini angeacha vitu vya mama vioze huku anatazama? Akatoa mashuka, akatoa blanketi, akatoa vitambaa vya meza. Chini kabisa akakuta mfuko uliopasuka na shati lililoota ukungu. Hakuna aliyewahi kumwambia ni la nani. Ila aliona lilivyokunjwa kwa adabu, akasema moyoni, hili lina mwenyewe. Kwa hiyo akalifua kwa uangalifu kuliko vyote, akaisugua kola kwa brashi mpaka weusi wote ukatoka. Jua lilipochomoza akalianika.

Dobi alirudi alasiri akichechemea. Alipofika uani akasimama.

"Nani amelitoa hili?"

"Mimi, mama. Mvua imeingia sandukuni, nikaona vitu vitaharibika."

"Umelifua?"

"Ndiyo, mama. Kola ilikuwa imeshika uchafu sana, lakini nimeisugua na..." Hakumalizia. Uso wa mkwewe ulikuwa umebadilika.

Dobi aliivuta kola, akaizika pua yake humo, akakaa hivyo kitambo. Kisha akalianua shati likiwa bado linachuruzika, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango. Chakula kilipopelekwa hakufungua.

Dereva alirudi jua likiwa halijazama. Mkewe alimpokea mlangoni, akamweleza yote.

"Wewe umefanya nini?" Dereva alipandisha sauti. "Hilo shati la baba! Mimi mwenyewe, mtoto wake, sijawahi hata kulishika!"

"Ningejuaje? Katika nyumba hii kuna mtu anayemtaja baba yako?"

Mlango wa chumba ukafunguka. Dobi alikuwa na shati mkononi, macho mekundu.

"Usimfokee mwenzako," alisema. "Hakuna alichokiosha. Harufu ya baba yako iliondoka wewe ukiwa darasa la tatu. Nilifungua siku moja, nikanusa, nikakuta harufu ya plastiki tupu. Nikafunga kamba. Tangu siku ile sijafungua tena."

Dereva alimtazama mama yake. "Sasa fimbo zile zote zilikuwa za nini?"

"Niliogopa." Dobi akaketi kitandani taratibu. "Niliogopa utanusa, useme, mama, mbona hakuna kitu."

Dereva alinyoosha mkono.

"Nipe," alisema. Akavua fulana, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Mikono ya shati ikaishia mbali na viganja. Mgongoni likabana, vifungo havikukaribiana hata kidogo. Akajitazama, akamtazama mama.

"Alikuwa mwembamba hivi?"

"Mwembamba? Upepo ukivuma nilikuwa namshika."

"Si nilipokuwa mdogo uliniambia baba yangu alikuwa mtu mkubwa?"

"Nilisema hivyo?" Dobi alifuta macho kwa kiganja. "Basi ndivyo nilivyomwona, baba."

Dereva alijua tangu zamani kwamba baba yake alikufa na miaka ishirini na sita. Aliitaja namba hiyo popote alipoulizwa. Lakini sasa, akiwa amesimama na shati linalombana makwapa, ilimjia kwamba baba yake alikuwa kijana, mdogo kuliko yeye, kama wale vijana wanaomwamkia barabarani. Akalivua polepole lisije likachanika. Akakaa chini, mgongo ukiegemea kitanda cha mama yake, akalia.

Si kwamba mambo yalitengemaa siku ile. Kwa majuma kadhaa Dobi alifua nguo zake mwenyewe, hakutaka mkamwana azishike, na salamu zao zilikuwa za mkato. Shati lilipigwa pasi, likatundikwa kabatini pamoja na nguo za dereva.

Kisha asubuhi moja, wakichambua maharage barazani, Dobi akasema bila kuinua kichwa, "Alikuwa anaogopa kuku."

"Nani, mama?"

"Mume wangu. Anashika moto mchana kutwa, lakini kuku akimkaribia anaruka juu ya kiti."

Mkamwana alicheka mpaka maharage yakamwagika. Dobi naye akacheka, akayazoa.

Tangu hapo kila siku lilitoka neno moja, siku nyingine mawili. Na dereva, akiwa safarini, akisimamisha lori kula chakula cha mchana, humpigia simu mkewe. Kwanza huuliza magoti ya mama. Halafu huuliza, "Leo amesemaje habari za baba?"