Kamkague Paa

Jana usiku niliota nimetumwa kukagua paa la jengo la maduka ninalolitunza hapa Morogoro. Sipendi kutumwa-tumwa, lakini ndotoni mtu hagomi. Aliyenituma ni Bwana Ngulangwa, mwenye jengo.

"Kamkague paa," akasema.

"Kalikague," nikamsahihisha.

"Wewe mkague. Akivuja leo, magauni ya harusi ya mdogo wako ndiyo basi tena."

Mdogo wangu Mwanahawa ni fundi cherehani, chumba chake cha kushonea ndicho cha juu kabisa, na harusi ya mteja wake ni kesho. Moyo ukanipiga paa. Nikakimbilia ngazi.

Ngazini amekaa Mvua na mabegi yake.

"Mmeshakagua?" ananiuliza. "Nimeambiwa paa hukaguliwa kabla ya mvua, basi nasubiri. Ila fanya hima, nimechoka kukaa."

"Nipe muda kidogo tu."

"Wote husema hivyo."

Juu namkuta paa kweli, yule wa porini, amelala kufunika jengo zima, mgongo umepakwa lami. Ana pembe nne, kama jengo lolote.

"Vua viatu," anasema. Navua.

"Kumbe wewe ndiye paa bapa."

"Bapa wanasema wao. Nimeinama kidogo upande wa kusini, maji yapate kwenda." Anahema. "Fundi, nimebanwa. Bomba limeziba."

"Jizuie."

"Najizuia tangu juzi. Chini yangu kuna nani?"

"Mdogo wangu."

"Pole yake."

Nautafuta mdomo wa bomba. Nikiufuata kusini, unahamia kaskazini. Nageuka, na hapo pamekuwa ukumbi wa harusi, wageni wanakula pilau chini ya miavuli. Mdomo wa bomba uko chini ya kiti cha bibi harusi.

"Samahani dada, inua miguu."

Anainua, haachi kutafuna.

Nazamisha mkono mpaka begani. Natoa majani, natoa kandambili, natoa kunguru anayesema yeye ni mpangaji halali. Bado limeziba. Nyuma yangu namsikia Mvua anapanda, anaburuta mabegi ngazi moja moja. Niliogopa, jamani, sitaki kudanganya. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kitu kikaachia. Paa akashusha pumzi ndefu, na Mvua akaanza kufungua zipu.

Simu ikaniamsha. Kumekucha, nje mvua inamwagika. Ni Mwanahawa.

"Kaka, imenyesha usiku kucha na humu ndani halijaingia hata tone."

"Umelala huko?"

"Ningelalaje nyumbani? Nilikaa na magauni mapajani, naangalia dari. Nilipokusikia huko juu unavuta vuta, ndipo nikapata usingizi. Asante, kaka."

Shuka langu lilikuwa kavu, ila mkono ulioshika simu ulikuwa umelowa mpaka begani.