Nyama ya Pursat

Mama hakutaka gari lisimame Pursat. Kila tulipopita mji ule alisema nyama yao ina mafuta machafu na hata maji yao yananuka matope. Tulimwamini, tukavumilia njaa mpaka tufike kwetu Moung.

Alifariki kiangazi cha mwaka huu kwa ugonjwa wa koo. Siku za mwisho uji wenyewe haukupita, lakini aliomba ngozi ya nguruwe wa kubanika, ile inayovunjika mdomoni. "Kama ya baba yako," alisema. Tukamletea ya soko la Moung. Akaiweka ulimini, akaitema. "Siyo."

Baba tulijua amekufa. Alikwenda kukata miti mpakani nikiwa darasa la pili, mdogo wangu Savuth hajaanza kutembea. Mvua zilipokwisha mama alituambia malaria imemmaliza hukohuko msituni. Akanyoa kichwa, akavaa nguo nyeupe za ujane. Tangu hapo, kila ilipofika Pchum Ben, siku ambazo wafu hufunguliwa milango waje kutafuta chakula kwa jamaa zao, alituzungusha pagoda saba za Wabudha, maana mfu asiyesikia jina lake popote huwalaani watoto wake. Alitushikisha tonge la wali na kutuambia, "Mwiteni baba yenu. Semeni kwa sauti, aliko ni mbali." Savuth aliita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hana kumbukumbu nyingine ya baba zaidi ya huko kumwita.

Mwaka huu ilikuwa Pchum Ben ya kwanza ya mama. Nilitoka Phnom Penh alfajiri kwa gari la kukodi, pamoja na mama mdogo Saroeun, ndugu yake mama. Nilikuwa na nia moja tu, mama aile ile ngozi. Chakula wanachokula watawa ndicho kinachomfikia mfu, na watawa hawali tena baada ya adhuhuri. Nikamwambia dereva asimame soko la Pursat.

"Pursat ya nini?" mama mdogo akasema. "Dada yangu alikuwa hapataki."

"Moung leo nyama itakuwa imeshakwisha."

"Basi nunua ndizi."

"Mama mdogo! Nimtoe mama kwa wafu aje kula ndizi?"

Meza ya nyama ilikuwa mwisho kabisa, karibu na wauza bata. Nguruwe alining'inia kwenye kulabu, ngozi imeiva mpaka inang'aa. Msichana wa miaka ishirini na kitu alikuwa akikatakata kwa panga na kupiga kelele.

"Wewe dada, usimkodolee macho bure! Huyu si mchumba, ni nyama!"

Bibi mmoja akamjia juu. "Jana umeniuzia mifupa mitupu!"

"Bibi, nyama ilikuwepo. Meno je, yalikuwepo?"

Watu wakacheka, bibi naye akacheka. Msichana akanikatia kipande nionje. Ngozi ikavunjika. Ukaja mchaichai, kitunguu saumu, sukari ya mti wa mvumo, na mwishoni kabisa uchungu kidogo wa majani ya mpera.

Nilijua ule uchungu. Baba alichuma majani ya mpera nyuma ya nyumba, akamjaza nguruwe tumboni, na majirani wakamtania, "Vipi Hoeun, nguruwe wako anaharisha?" Sijawahi kukutana na mbanikaji mwingine anayefanya hivyo.

"Nani anabanika?" nikauliza.

"Baba. Yuko nyuma kwenye makaa. Ila leo usimsogelee, mkali. Siku hizi za wafu haingizi kitu mdomoni, kila mwaka hivyohivyo. Namwambia, baba, walio hai wanakula, waliokufa wanakula, wewe tu ndiye ufunge?"

Mama mdogo akanishika mkono. "Kunthea, twende. Dereva anapiga honi."

Hakuna aliyekuwa akipiga honi. Nikamtazama usoni, kisha nikazunguka meza, nikaenda nyuma.

Mzee alikuwa amechuchumaa kando ya shimo la makaa. Alipogeuka niliona kidevu cha Savuth.

"Wewe ni Prak Hoeun wa Moung?"

"Nani anauliza?"

"Kunthea."

Akaliweka koleo chini. Hakunyanyuka. Alimtazama mama mdogo nyuma yangu. "Saroeun, ulisema hutawaleta."

"Sikumleta mimi. Kaletwa na pua yake."

Kumbe mama mdogo alijua. Nilitaka kumgeukia, lakini mzee alikwisha kuanza kusema, haraka haraka, kama maneno aliyoyapanga zamani.

"Nilirudi, mwanangu. Mwaka uliofuata. Nilifika mpaka lango la pagoda, nikasikia naitwa pamoja na marehemu. Nikamwona mama yako kanyoa. Mtu akishaitwa hivyo, anaingia kufanya nini?"

"Anaingia, anasema niko hai."

"Na yule mwenye mimba uliyekuja naye?" mama mdogo akamwuliza. "Ulitaka aingie naye? Habari zako zilikutangulia, Hoeun. Dada yangu angekuwa kaachwa, Moung nzima ingemcheka. Akiwa mjane, walimletea mchele. Siku ile alikuona langoni. Ndiyo maana aliita kwa nguvu zaidi."

Mafuta yalidondoka kwenye makaa. Kutoka mbele tulisikia yule msichana akigombana na mteja.

"Kunthea, nina ombi," mzee akasema.

Nilidhani atauliza habari za mama.

"Acheni kuniita. Kila mwaka siku hizi wali unanikwama hapa, nasikia kama mtu ananivuta nguo. Nimezeeka. Ondoeni jina langu."

"Mama amekufa," nikamwambia. "Nyama hii ni yake."

"Nilisikia." Akayachochea makaa. "Mwambie huyo mtoto akukatie ya ubavuni, ndiyo aliyokuwa akiipenda." Nilipokuwa naondoka akaniita tena. "Usisahau kuliondoa lile jina, mwanangu."

Msichana alikata ubavu, akafunga kwenye majani ya mgomba. Alikuwa akinitania kitu kuhusu uso wangu, kwamba nimenuna kama niliyeuziwa bata mgonjwa. Yeye pia alikuwa na kidevu kilekile. Nikalipa.

Garini mama mdogo hakulia. Alisema tu, "Usimwambie Savuth. Hana baba mwingine ila yule mfu."

Kutoka pale mpaka Moung ni mwendo wa kama saa moja.

Savuth alikuwa akitungoja pagodani na mkewe, sinia tayari. Nikaipanga nyama juu yake, ngozi juu, tukaiweka mbele ya watawa. Mzee wa ibada akasema tutaje majina. Zamani ilikuwa kazi ya mama, sasa ni yangu mimi mkubwa. Nikamwita mama. Nikamwita babu, nikamwita bibi. Kisha nikaishia hapo.

Mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Savuth akanigusa kiwiko.

"Dada. Baba."

Ningeweza kusema kichwa kinaniuma. Ningeweza kumwambia ukweli palepale mbele ya watawa. Akilini nilimwona yule mzee kando ya makaa na wali umemkwama, nikamwona mama akitema ile ngozi.

"Prak Hoeun," nikaita. "Njoo ule."

Niliita kwa sauti, kama mama alivyotufundisha.

Watawa walipomaliza kula, tukakaa kula kilichobaki. Savuth akatafuna ngozi, akafumba macho, akacheka.

"Dada, mmeitoa wapi hii?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Mwakani tununue hapohapo. Baba angeipenda hii."

Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Sikumbuki ni meza ipi," nikamwambia, nikamwongezea kipande.