Kila Nyumba Mtu Mmoja

Nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche ya misonobari miaka kumi na tisa. Nilipoanza, marehemu mume wangu alikuwa kwenye genge la misumeno, wanaume sitini, na asubuhi walijaza malori mawili kwenda msituni. Baadaye wakawa ishirini. Kisha ikaja mashine yenye mkono mrefu. Inaushika mti, inaukata, inauchuna matawi na kuulaza chini kabla hujapiga chafya ya pili. Ndani anakaa mtu mmoja tu, kwenye kiyoyozi. Mwanangu wa pekee, aliyerithi kazi ya baba yake, aliambiwa akapumzike nyumbani. Alipumzika mpaka akachoka, akaenda mbali kutafuta vibarua vya ujenzi. Mkewe na mtoto wao mchanga wakabaki na mimi, naye akaja kufanya kazi kitaluni, mtoto tukimwacha kwa jirani.

Sisi wanawake wa kitaluni tulijiona tumesalimika. Tulisema mashine itakata, lakini nani atapanda? Kumbe zamu yetu ilikuwa njiani.

Jumatatu moja msimamizi, tunayemwita Kalamu kwa sababu ya kalamu isiyomtoka sikioni, alitukusanya penye bomba. Akasema viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki tulivyokuwa tukijaza udongo kwa mkono, ndiyo basi. Imenunuliwa mashine ya kujaza udongo kwenye trei, sinia za plastiki zenye vyumba vidogo vya miche. Kati yetu arobaini wanatakiwa kumi na wawili tu, wa kuhamishia miche kwenye trei hizo. Ijumaa kutakuwa na majaribio, saa moja mpaka saa nne asubuhi.

"Nitahesabu, na nitaangalia," akasema. "Halafu kila nyumba mtu mmoja. Sitaki nyumba moja ipate mara mbili na nyingine ikose kabisa."

"Hiyo mashine huwa inaumwa kichwa?" aliuliza mwenzangu wa mezani, mama mwenye sauti tunayemwita Redio.

"Haiumwi."

"Inafiwa? Ina mkwe?"

"Haina."

"Basi jamani, tumekwisha."

Tukacheka, ila mimi nilimwona mkwe wangu hacheki. Nyumba yetu ilikuwa na watu wawili pale, yeye na mimi.

Tulirudi nyumbani bila kuligusa jambo hilo. Siku tatu tulipishana jikoni kwa adabu kama wageni. Nilisali, nikamwomba Mungu achague yeye. Nilipoinuka nikaona haya, maana nilikuwa namtupia kazi yangu mwenyewe.

Mlango wetu wa mbele tunauzuia na kisiki kidogo. Mume wangu alikileta kutoka msituni, mwaka ambao upepo uliangusha miti ya miaka kumi na mitano safu nzima. Mzizi wake mkuu umejikunja kama ndoano. "Tazama," aliniambia siku ile. "Hii ni kazi ya mikono ya kitaluni, kabla hujaanza wewe. Mche waliusukuma shimoni mzizi ukajikunja, na mti mzima umekua umesimama juu ya kosa." Tangu siku ile sijawahi kuzika mche kabla sijaunyoosha mzizi. Ndiyo maana mimi ni mzito. Wenzangu wananiita Mama Polepole.

Ijumaa ilipofika tukakaa kwenye meza ndefu, kila mtu na trei zake. Mkwe wangu alikaa kulia kwangu. Kalamu akapuliza filimbi. Mikono ya yule binti ni myepesi, sijui niifananishe na nini. Shimo, mche, bonyeza. Shimo, mche, bonyeza. Mimi nilipofika nusu ya trei ya kwanza, yeye alikuwa anaimaliza. Nikatupa jicho. Mashimo yake yalikuwa mafupi, na mizizi inaingia imejikunja.

Nikamnong'oneza, "Mwanangu, mizizi. Chimba chini kidogo."

Hakuinua uso. "Mama, niache."

"Kalamu alisema ataangalia."

"Alisema atahesabu."

"Alisema yote mawili."

Hapo akanigeukia, macho mekundu. "Unataka nichelewe ili ubaki wewe. Si useme tu? Miaka kumi na tisa umekaa hapa, bado hujatosheka?"

Redio aliinua kichwa kutoka kwenye trei yake. Meza nzima ilisikia.

Iliniuma, sitasema uongo. Lakini nilimtazama nikaona hana kosa. Mimi nilikuwa bado nimekaa pale, kijiti mkononi, nikishindania nafasi moja naye. Ningemwambia nini akaniamini?

Nikaisukuma trei yangu pembeni. Nikakifuta kijiti changu cha kutobolea mashimo, alichokichonga mume wangu kwa kisu chake kutoka kwenye mpini wa shoka, nikakiweka mbele yake. Kina alama ya kisu kuonyesha shimo liishie wapi.

"Msimamizi," nikaita, "mimi najitoa. Nyumba yetu mtu wake ni huyu."

"Una uhakika, mama?"

"Ninao."

Nikaenda bombani kunawa mikono. Nilijizuia nisitazame nyuma, ila nilitazama. Mkwe wangu alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, wenzake wanakimbizana. Kisha akaivuta trei yake ya kwanza, ile iliyokwisha kujaa, akaanza kuchomoa mche mmoja mmoja. Akachukua kile kijiti.

Saa nne filimbi ikalia. Redio alikuwa na trei nne. Mkwe wangu mbili. Kalamu alipita akichomoa miche mitano katika kila trei, anaitazama mizizi, anaandika. Majina yakasomwa hapo hapo. Redio alipita, na baadhi ya mizizi yake niliiona imejikunja, Mungu amsamehe. Mkwe wangu alisomwa wa kumi na mbili.

Wasichana wawili waliomaliza trei tano tano, mizizi imejikunja, waliondoka wakilia. Nao nyumbani kwao wana watu. Nimewaweka katika sala zangu.

Jumatatu mkwe wangu aliondoka alfajiri, nikabaki na mjukuu mgongoni. Jioni alirudi, akavua viatu mlangoni, akakiinua kile kisiki akakigeuza geuza. Miaka minne amekiruka kila siku bila kukiuliza habari.

"Mama, mti huu ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

Akapitisha kidole kwenye mzizi wote, mpaka pale ulipojikunja. Halafu akakirudisha mahali pake, akanipokea mtoto.

"Kesho nipe na kile kisu cha baba," akasema. "Alama ya kijiti inafutika."