Mwigizaji Bora wa Edinah

Edinah alikuwa amebandika karatasi kwenye ukuta wa duka lake la kukodisha muvi mjini Kitale, kila mteja aandike mwigizaji atakayeshinda zile tuzo kubwa za Amerika mwaka huu. Kufikia Ijumaa watu ishirini na wawili walikuwa wameandika, na wote waliandika jina moja: DJ Makofi.

"Huyu si mwigizaji!" Edinah alimfokea Wekoye, fundi wa baiskeli kutoka Bumula, aliyekuwa ameshika kalamu kuliandika tena. "Ni mtu wa Bungoma anayetafsiri muvi za Wazungu kwa maikrofoni! Hata sura yake haionekani!"

"Lakini si yeye ndiye anaongea, madam?"

Edinah alishika kichwa. Chaguo lake lilikuwa yule mama mzee kwenye muvi ya wakulima.

"Anavyomwambia mwanawe kaburini, ati 'Jembe lako bado liko mlangoni, nani atalibeba?' Mimi nimelia mara tatu! Huyo Makofi wako ataweza hayo?"

Ili kuukomesha ujinga huo, aliweka diski nyingine ya muvi hiyo hiyo, ile isiyo na sauti ya DJ, ambayo hakuwa amewahi kuitazama. Wakafika makaburini. Mama akasimama, akautazama udongo, akaondoka bila kufungua mdomo.

Edinah akairudisha nyuma. Akaongeza sauti. Upepo tu.

Wekoye akamnyooshea kalamu polepole.

"Andika tu, madam. Mimi sitaambia mtu."