Mwongozo wa Kujaza Ukumbi

UMOJA WA NGUMI ZA WANAWAKE
Ofisi ya Katibu

Kwa: Ndugu Fulgence Kobelo, mtangazaji wa michezo

YAH: MWONGOZO WA KUKUZA UMAARUFU WA NGUMI ZA WANAWAKE

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Pambano la Perpetua Mkude na Nyamizi Kapalata, ambalo wewe ulikuwa msemaji wake, ndilo pambano la kwanza la wanawake katika mji wetu kujaza ukumbi hadi watu kukaa madirishani. Umoja unakuomba uandike, kwa lugha nyepesi na kwa namba, mbinu zote ulizotumia, ili wenzetu wa mikoa mingine waige.

Wako katika ujenzi wa michezo,
Katibu


1.

Wapeni mabondia wa kike muda mzuri. Msiwapandishe ulingoni saa nane mchana, wakati mafundi bado wanajaribu spika na watu wanatafuta viti. Mwanamke aliyefanya mazoezi miezi sita hastahili kupigana mbele ya wapiga misumari.


2.

Tangazeni majina yao, tena kamili. "Pambano la akina dada" si jina la mtu.


3.

Watu hawaji kutazama ngumi, wanakuja kutazama ugomvi. Kwa hiyo tafuteni


3. (nimefuta, naanza upya)

Kila bondia awe na kisa cha kuwagusa wasikilizaji. Kama hana kisa, msemaji anaweza


3.

Msomaji, ngoja kidogo. Wewe si Katibu, na hutaniandikia barua ya pongezi. Kwako naweza kusema.

Perpetua na Nyamizi walikuwa marafiki. Kocha mmoja, chumba kimoja cha mazoezi, jagi moja la uji. Perpetua ni Mluguru wa milimani kama mimi. Nyamizi ni Mnyamwezi, wa wale wapagazi wa misafara ya zamani. Kwa hiyo walikuwa pia watani wa makabila, na unajua watani wakikutana mdomo haupumziki.


YALIYOSIKIKA MAZOEZINI

— We Mluguru, hizo ngumi au unafukuza nzi?

— Nyamaza, mbeba mizigo wa pwani!

— Kocha, mwambie huyu akipigwa asishuke mlimani kuja kulia kwetu.

— Midomo ifungwe, mikono ifanye kazi!


4.

Nilivyojaribu mwanzoni, kwa njia ya halali:

mabango kumi na mawili sokoni
gari la matangazo, siku tatu
mahojiano redioni, wote wawili studio moja

Katika mahojiano niliwauliza, "Mnachukiana?" Wakatazamana, wakaangua kicheko, na muda wangu wa hewani ukaishia humo. Bosi wangu alinisubiri mlangoni. "Fulgence," akasema, "nani atatoka nyumbani kwake kuja kuangalia wanawake wanaopendana?"

Nilikuwa nimewaahidi wote wawili ukumbi uliojaa. Niliwaahidi kwa moyo safi, hilo naomba uniamini, hata kama mengine hutaniamini.


5.

Wiki tatu kabla ya pambano, mama yake Perpetua akafariki.


SAUTI YA SHANGAZI

Mimi Melania, shangazi yake Perpetua. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, nasonga ugali wa waombolezaji. Nyamizi akaja, kajifunga khanga ya marehemu, kakalia kigoda cha marehemu, akaanza: "Huyu mama mjanja! Kafa mapema akwepe aibu ya kumwona binti yake anapigwa na Mnyamwezi!" Jamani, tulicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kukuchekesha siku ambayo wewe mwenyewe huwezi. Halafu yeye akainamia masufuria, akalia. Akalia kuliko sisi ndugu wenyewe. Perpetua alikuwa ndani mkekani, hakusikia kitu. Kulikuwa na mtu anarekodi na simu. Nikajua ni ya ukumbusho.


6.

Mtu huyo ni


Mimi.


7.

REKODI KAMILI: sekunde arobaini na nane. Maneno, kicheko, kilio.

ILIYORUSHWA HEWANI: sekunde sita. "Huyu mama mjanja! Kafa mapema akwepe aibu ya kumwona binti yake anapigwa."

Maneno "na Mnyamwezi" niliyakata. Kicheko nilikikata. Kilio kilikuwa kirefu, nacho nikakikata. Kisha nikaweka utangulizi kwa sauti yangu ninayoitumia siku za fainali: "Akizungumza jana baada ya mazoezi, Nyamizi Kapalata amesema hivi kuhusu marehemu mama wa mpinzani wake."

Jana. Baada ya mazoezi.

Mtani akilisema hilo msibani, anafuta machozi ya watu. Akilisema mazoezini, marehemu ameshazikwa na matanga yameisha, ni tusi ambalo watu hawasameheani. Mimi ni Mluguru. Nimelelewa humo humo. Siwezi kusingizia ujinga.


TANGAZO KWA MABONDIA WOTE WAWILI

a) Ni marufuku kuonekana pamoja hadi siku ya pambano.
b) Ni marufuku kupigiana simu. Mkionekana mnacheka, watu watasema matokeo yamepangwa.
c) Ufafanuzi wowote upitie kwa msemaji.

F. Kobelo, Msemaji


8.

Kwa hiyo Nyamizi alipotaka kujieleza, alinieleza mimi. Alikuja studio na kandambili, hata hakubadilisha nguo za mazoezi. "Kaka Fulgence, mwambie Pepe ilikuwa msibani. Mwambie amuulize shangazi yake." Nikamwambia nitafikisha.

Sikufikisha. Tiketi zilikuwa zinakwenda.


YALIYOSIKIKA MTAANI

— Umesikia alichosema yule Mnyamwezi?

— Mama wa watu hata udongo haujakauka!

— Mimi ngumi za wanawake sijawahi kuziangalia, ila hii naenda. Naenda kuona anavyofundishwa adabu.

— Na mke wangu naye kasema anaenda.


RIPOTI YA REFA (sehemu)

Raundi ya tano, wakati wameshikana, nilimsikia Nyamizi Kapalata akimwambia mpinzani: "Pepe, ilikuwa msibani. Shangazi yako alikuwepo." Nikawaachanisha. Pambano liliporuhusiwa kuendelea, Nyamizi alishusha mikono yote miwili. Sijui kwa nini. Ngumi nne ziliingia jicho la kushoto kabla sijafanikiwa kusimama kati yao.

Mshindi: Perpetua Mkude.

Ukumbi ulikuwa na kelele nyingi, hivyo naomba radhi kama nimenukuu vibaya.


9.

Jicho la kushoto halitaona tena. Daktari alisema hivyo kwa upole, na Nyamizi akamshukuru.

Mimi nilisimama pembeni ya kitanda na mfuko wa machungwa. Nilimwambia kila kitu, rekodi, mkato, hiyo "jana". Nilitaka anitukane. Aligeuza uso upande wa ukuta.

"Kaka, ngumi ni ngumi, nilijua naingia wapi," akasema. "Ila yule mama nilimfulia khanga mwaka mzima akiwa mgonjwa. Alikuwa ananiita mwanangu wa mizigo. Sitaki Pepe aishi akidhani nilimtukana. Mwambie. Basi hilo tu."

Nikaapa kwamba nitamwambia.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita.


10.

Umaarufu, kama Umoja ulivyouliza:

Kabla ya pambano, wasichana waliokuwa wakifanya mazoezi pale: wanne.
Baada ya pambano: thelathini na mmoja.
Picha ya Perpetua ipo ukutani saluni tatu.
Kila akipanda ulingoni watu humpigia kelele, "Kwa ajili ya mama!"
Wazazi wanawaleta binti zao wenyewe, wanawashika mkono mpaka mlangoni.

Imefanya kazi. Hiyo ndiyo inayoninyima raha. Ingeshindikana ningeshaungama zamani, maana isingenigharimu lolote. Sasa nikifungua mdomo, navunja mioyo ya wasichana thelathini na mmoja. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Kisingizio kizuri, eti? Hata mimi nakipenda.


11.

Alhamisi nilikwenda mazoezini. Perpetua alikuwa peke yake benchini, anajifunga bandeji mikononi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na nikasahau yote.

"Pepe, ile sauti ya Nyamizi redioni. Haikuwa"

"Nilijua."

Aliendelea kufunga. Kidole gumba, kifundo, kidole gumba.

"Shangazi aliniambia siku mbili kabla ya pambano. Alinieleza yote, mpaka mwiko ulivyodondoka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Nikakaa benchini pembeni yake.

"Mama kafa, kaka Fulgence, na sikuwa na wa kumkasirikia. Daktari alifanya kazi yake. Mungu huwezi kumpiga. Wewe ukaniletea mtu." Akakata uzi wa bandeji kwa meno. "Nilipoambiwa ukweli nilikuwa nimeshaizoea ile hasira. Ilikuwa inanisaidia kulala. Nikaona acha, hadi pambano lipite."

"Refa aliandika kwamba mlipo"

"Nilimsikia. Aliposhusha mikono nilijua anaishusha kwa nini. Alikuwa ananisubiri nimwambie najua. Nikapiga ya kwanza nikijua. Ya pili nikijua. Ya tatu"

Hakumaliza kuhesabu. Alilia, na mikono ile iliyofungwa haikumsaidia kufuta chochote. Nami nilikaa pale benchini kama mzigo, kwa sababu nilikuja kuomba msamaha na sasa hapakuwa na wa kunipa.

"Anadhani mimi sijui," akasema baadaye. "Kila mwezi anamtuma shangazi salamu, na shangazi nimemkataza asimwambie. Anamwambia, mwambieni Pepe taratibu, asije akaumia akijua alimpiga mtu asiye na kosa. Ananionea huruma, kaka. Mimi!"


12.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, mbinu ni moja. Chukueni wanawake wawili wanaopendana, kisha


Hapana.


13.

Ijumaa asubuhi tulisimama mlangoni kwa Nyamizi, Perpetua mbele, mimi nyuma yake. Hatukuwa tumekubaliana nani ataanza. Njiani Perpetua alisema ataanza yeye, kisha akasema niwe mimi, kisha akatangulia mbele hadi tukafika.

Nilipiga hodi mimi.

"Karibuni! Piteni, piteni!"

Nyamizi alisogeza pazia. Alikuwa amenenepa kidogo, na unga mikononi. Akainamisha kichwa upande ili jicho la kulia litupate, lakini tulikuwa tumelipa jua mgongo, naye akakunja uso, akitabasamu kwa watu asiowajua bado.

"Nani? Jua linaniingia, siwaoni vizuri. Semeni basi."

Perpetua akavuta pumzi.

"Ni mimi, Pepe. Nilijua."