Sesheni ya Mzee Mashimba

Tangu asubuhi Ikupa alikuwa amefungua ukurasa wa mabadiliko ya karibuni mara nyingi mno, hata kidole kikawa kinakwenda chenyewe bila kutumwa. Lukresia wa Nyashimo alikuwa ameandika kuhusu kupe. Evaristo wa Nkoma alikuwa amesahihisha habari za funza wa pamba, kisha akayasahihisha masahihisho yake mwenyewe, kama kawaida yake. Justine alikuwa ameweka picha ya josho, imepigwa upande. Wote walikuwa wamerudi isipokuwa wa Nkololo, na wa Nkololo ndiye aliyekuwa akisubiriwa.

Wiki ya chama cha wafugaji na wakulima, si wiki ya siku saba, ilikuwa kitu chepesi kueleza na kizito kutunza. Ni kitabu kilichoko mtandaoni, kila mwanachama mwenye simu anaandika humo, na mwenzake anaruhusiwa kumsahihisha. Ikupa, mwenyeji wa Rungwe aliyeletwa Bariadi na ajira, ndiye aliyekitunza. Katika kitabu chote hicho hapakuwa na mwandishi wa kumfikia Mashimba. Tangu mwaka juzi, karibu kila jioni, habari za ngitili ziliingia kutoka Nkololo kwa jina lake. Ngitili ni yale malisho ambayo wazee huyafunga masika ili ng'ombe wapate pa kushika kiangazi. Mashimba aliandika nani aliifunga ipi, mpaka unapita wapi, maji yanakaa upande gani, majani yapi ng'ombe asiyaguse baada ya mvua ya kwanza. Ilikuwa imebaki moja tu, kubwa kuliko zote, ambayo vijiji viwili vilikuwa vimeanza kutishiana fimbo kwa ajili ya mpaka wake. Mzee aliahidi kuiandika mwisho. Na mzee, kwa habari zilizofika mjini, alikuwa anaumwa sana.

Sasa amenyamaza, na aliyemnyamazisha ni Ikupa.

Mambo yalianzia kwenye gulio la Nyashimo. Lukresia aliibiwa simu, na aliyeiiba, au mtoto wa aliyeiiba, akakuta wiki iko wazi. Akaandika matusi mazito katikati ya ukurasa wa kupe, kwa jina la Lukresia, mama wa kwaya. Hemed, mratibu wa mradi, mtu wa Tanga mwenye sauti ya upole hata akiwa amekasirika, alimpigia Ikupa akiwa bado kwenye chai.

"Huyo mwizi ameingiaje bila neno la siri?"

"Hakuingia. Alikuta mtu yumo tayari."

Ikupa akamweleza. Mtu akiingia kwenye wiki mara ya kwanza hutaja jina lake na neno la siri, mfumo unamfungulia sesheni, yaani unaweka alama kwenye simu na kumbukumbu yake kwenye seva. Akirudi kesho, alama na kumbukumbu zikikutana, anapita bila kuulizwa. Ikupa mwenyewe ndiye aliyeziweka sesheni hizo zisiishe muda, kwa sababu wanachama walikuwa wakisahau maneno ya siri kila wiki na kumpigia simu hata akiwa kanisani.

"Zifunge," alisema Hemed. "Na hakikisha hakuna kitakachopotea."

Angeweza kufuta sesheni ya Lukresia peke yake. Ni kazi ya kutafuta mstari mmoja kati ya mistari mingi. Lakini kumbukumbu za sesheni zilikuwa zimejazana hata seva inakohoa, Ikupa alikuwa na haraka, na amri ya kufuta zote ni fupi kuliko ya kufuta moja. Akafuta zote. Watu wataingia upya, alijiambia, kwani kuna shida gani? Akamjibu Hemed kwamba hakuna kitakachopotea, akarudi kwenye chai yake.

Siku kadhaa zilikuwa zimepita tangu hapo. Kila alipoketi alisimama. Namba iliyoandikwa kwenye akaunti ya Mashimba ilikuwa ya mwanawe, Luhende, aliyekuwa machimboni Geita, na yule mama wa kwenye mtandao alikuwa hachoki kusema kwamba haipatikani. Ikupa aliagiza neno jipya la siri litumwe. Lilikwenda kwenye simu hiyohiyo iliyozimwa. Moyo ulimwambia mzee amekufa. Akaukatalia. Ukamwambia mzee yu hai, anataka kusema, na mlango umefungwa na wewe. Hilo hakuweza kulikatalia. Akachukua funguo za pikipiki ya ofisi, akamwambia mlinzi anakwenda mara moja, akashika njia ya Nkololo huku jua limeshapinda.

Njiani hakutulia pia. Alipanga maneno ya kumwomba mzee radhi, akayapangua. Alisimama mara mbili kuangalia simu kama mabadiliko yamekuja, kana kwamba mtu angeandika kwa kuwa yeye yuko karibu. Vumbi lilimwingia mpaka kwenye meno.

Kabla hajafika kwenye zizi la Mzee Mashimba, mwanamke kijana alitoka mbio kutoka uani, khanga mkononi, akaisimamisha pikipiki katikati ya njia. Aliisoma ile chapa ya mradi kwenye tangi, na uso ukamkauka.

"Mwadila, dada," alisalimu kwa Kisukuma, akipiga goti nusu.

"Mwadila. Ninamtafuta Mzee Ma—"

"Najua unayemtafuta." Alimkata upesi, akageuka kutazama nyumbani kama kuna anayesikia. "Mimi ni Ng'washi, mke wa Luhende. Kama mmekuja kunikamata, nikamateni huku huku. Msiingie mle ndani. Guku mgonjwa."

Guku ni babu. Ndivyo watoto wa Kisukuma wanavyowaita babu zao, na mkwe mwenye mtoto humwita hivyo baba mkwe wake. Ikupa alizima pikipiki. "Nikukamate kwa kosa gani?"

Ng'washi akatoa simu kwenye khanga. Ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka, na kwenye kona ya juu alikuwa amebandika kipande cha plasta ya kidonda. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na maneno ambayo Ikupa aliyatafsiri mwenyewe siku wiki inaanzishwa: Samahani, taarifa za sesheni yako zimepotea. Tafadhali ingia tena.

"Nilikuwa naandika, nikabonyeza hifadhi, yakatoka haya. Nikajua mmegundua ni mimi."

Basi maneno yakamtoka Ng'washi kwa pupa, maana alikuwa amekaa nayo peke yake. Mwandishi alikuwa yeye. Mzee hakuwahi kugusa simu maishani mwake. Kila jioni mzee alilala kitandani chini ya dirisha, Ng'washi akaketi nje, mgongo ukutani, maana mkwe na baba mkwe katika nyumba hiyo hawakai uso kwa uso. Mzee alisema kama anayeongea na ukuta. Yeye aliandika. Akiachwa nyuma, alimwambia mama mkwe wake, Mama Luhende, naye akamwambia mzee asubiri au arudie. Ndivyo ngitili zote zilivyoingia kitabuni.

Ikupa aliipokea ile simu. "Lakini mbona hukuingia tena? Neno la siri hulijui?"

"Nalijua. Ni jina la mwanangu."

"Basi ni rahisi." Akafungua ukurasa wa kuingia, akampa. "Andika jina la mtumiaji hapa juu."

Kidole cha Ng'washi kilikwenda mpaka kwenye kioo, kikasimama. Kikarudi. Kikaenda tena.

"Ni herufi chache tu, mdogo wangu. Ni M, halafu—"

"Dada, usinifanyie hivyo."

Ikupa alitazama kile kipande cha plasta. Alikibandua kwa ukucha, na alijua kitakachokuwa chini yake kabla hajakiona: ndipo mahali ambapo wiki huandika jina la aliyeingia, kila ukurasa, kila siku. Ng'washi alikuwa amelifunika ili lisimtazame. Ikupa akamkumbuka mama yake kule Rungwe, aliyeishi na kuzeeka bila kulitamka jina la baba mkwe wake, aliyezunguka hata maneno mengine yaliyofanana nalo, na wao watoto waliosoma wakamcheka. Nyumba nyingi siku hizi haziyajali hayo. Hii ilikuwa inayajali. Luhende ndiye aliyeandika jina la baba yake mara moja, akamwachia mkewe sesheni iliyo wazi, akaenda zake machimboni. Mwaka mzima na zaidi Ng'washi aliandika kila kitu isipokuwa jina hilo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Mpaka Ikupa alipofuta.

"Ungemwomba mtu akuandikie."

"Mama hajui kusoma, mwanangu bado mdogo. Jirani nimwambie nini? Kwamba mkwe anaandika kitabu kwa jina la baba mkwe wake? Ningekuwa hadithi ya gulio." Akajifuta macho kwa nguvu, kwa hasira. "Na Guku hajui. Kila jioni anasema, nami nakaa pale pale, naigusa simu, najifanya naandika. Ningemwambiaje aache? Akiacha kusema atalala moja kwa moja. Na sasa akili zimeanza kumtoka, dada. Anarudia. Jana kasema ngitili ya mwanzo kabisa, ambayo tuliiandika zamani. Juzi pia. Ile kubwa haigusi. Ameisahau, na mimi nimekaa nayo bure mpaka imepotea."

Kutoka uani Mama Luhende aliita. Ilikuwa saa yao ya kuandika, na mzee alikuwa ameulizia.

Ikupa akaanza kazi. Akaketi juu ya jiwe la kutia chumvi ya ng'ombe, akatoa kompyuta kwenye begi, akaiunganisha na simu yake, akaingia kama msimamizi. Mtandao ulikuja na kupotea, naye akautukana kwa Kinyakyusa. "Tukufungulie akaunti yako, kwa jina la Ng'washi?"

"Maneno si yangu."

"Basi akaunti hii hii tuibadilishe jina. Kurasa zote zitabaki. Mwanzoni mwa kitabu nitamwandika yeye kwa ukamilifu, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Hapa pa kuingilia tuweke jina unaloweza kuliandika. Wewe unamwitaje?"

Ng'washi alimtazama kama mtu asiyeamini kwamba jambo linaweza kuwa dogo hivyo. "Guku," alisema.

Ikupa akabadilisha. Ng'washi akaandika herufi zile nne, akaandika jina la mwanawe, na ukurasa ukafunguka. Hakutabasamu. Alisimama akaenda kwenye ukuta wake chini ya dirisha, akaketi, mgongo kwa mzee, na Ikupa akamfuata akasimama pembeni, mikono haijui pa kukaa.

Ndani, kikohozi. Kisha sauti ya mzee, nyembamba, ikaanza: ngitili ya kwanza ilifungwa na baba yake, mwaka wa nzige...

Ng'washi hakuandika. Ikupa alimwona akiishusha simu mapajani, akatamani kumzuia na hakujua amzuie nini.

"Mama," Ng'washi alisema kwa sauti, "mwambie Guku nimemdanganya. Jioni zote hizi sikuandika. Simu ilikuwa imefungwa. Nilikuwa naigusa tu."

Mama Luhende, aliyekuwa mlangoni na sufuria, aliganda. Hakukuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Dirisha lilikuwa wazi na mzee alikuwa amesikia kila neno. Ng'ombe mmoja alilia zizini. Ikupa alijiona mgeni aliyevunja chungu cha watu, akafumbua mdomo aseme kosa ni lake.

"Mwambie najua," alisema mzee ndani.

Ng'washi aligeuza kichwa nusu, akakirudisha.

"Huyu mtoto tangu tuanze ananisimamisha. Subiri, Guku. Arudie, Guku. Ananichosha. Halafu ghafla hanisimamishi tena, nasema mpaka mwisho kama mtu anayeongea porini. Nikajua haandiki." Akapumzika, na pumzi yake ilisikika mpaka nje. "Sikutaka kumwaibisha. Wala sikutaka akae pale bure, nikamsimulia. Lakini nilimpa yale aliyokwisha kuyaandika, mapya yasije yakamwagika. Ile kubwa sijaigusa. Mwambie iko hapa."

Ng'washi aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti, akalia bila kujificha, mbele ya mgeni na mbele ya mama mkwe wake. Ikupa alilia pia. Mama Luhende aliweka sufuria chini, akaingia ndani, akasikika akimweka mzee sawa kwenye mto.

"Ameshika simu?" aliuliza mzee.

"Ameshika."

"Basi aandike. Mpaka unaanzia kwenye mawe ya Nkololo, unafuata mto ulipokuwa unapita zamani, si unapopita sasa..."

Sauti ilikuwa imeshuka sana, hata Ikupa, aliyekuwa amesogea mpaka dirishani, alipata nusu tu. Kidole cha Ng'washi kilikimbia kwenye kioo kilichopasuka, kikajikwaa, kikasimama. Akafuta pua kwa upindo wa khanga.

"Mama," alisema, "arudie hapo kwenye mto."

Ndani mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akarudia.